Kujifunza Kipangasinan ukiwa unajua Kiswahili: pa kuanzia, na historia yake kidogo

Watu wengi wakisikia Ufilipino wanajua lugha ni moja tu, Kitagalog, basi. Kumbe nchi ile ina lugha zaidi ya mia, na mojawapo ni Kipangasinan chenye wasemaji zaidi ya milioni moja, kwao ni mkoa wa Pangasinan kaskazini magharibi mwa kisiwa cha Luzon, pale kwenye Ghuba ya Lingayen. Kama una mchumba wa huko, au mnafanya kazi meli moja na kijana wa Dagupan, au unapenda lugha tu bila sababu (sio kosa), basi soma hapa. Na niseme mapema, sisi wa Kiswahili tunaianza hii lugha tukiwa mbele kuliko Wazungu, vitu vinavyowatoa jasho wao sisi tunavyo mdomoni tangu utotoni, shida ni kwamba hakuna mtu anayetuambia.

Kabla ya neno lolote jifunze ramani kwanza. Hii ndo hatua watu wanairuka alafu wanalaumu lugha. Mkoa wa Pangasinan una watu zaidi ya milioni 3 ila sio wote wanaongea Kipangasinan. Lugha yenyewe iko katikati na pwani ya ghuba: Lingayen ambao ndo makao makuu ya mkoa, Dagupan, Binmaley, Calasiao, San Carlos, Malasiqui, Mangaldan, Santa Barbara, Bayambang na miji ya jirani. Ukienda mashariki, Rosales na Binalonan huko, utakuta Kiilokano kimejaa, kwa sababu karne ya 19 Wailokano walihama kwa wingi kutoka kaskazini kutafuta ardhi wakashuka mpaka huku. Magharibi nako Kiilokano kipo, na ukifika ncha kabisa Bolinao na Anda kuna lugha nyingine tena, Kibolinao, ndugu yake Kisambal. Kwaiyo rafiki yako akikwambia "mi natoka Pangasinan" usimrukie na salamu za Kipangasinan, muulize mji gani. Anaweza kuwa ni Mwilokano ambaye hajui hata maneno kumi ya lugha unayohangaika nayo.

Jambo la pili la adabu: kuna neno Panggalatok, utalikuta kwenye intaneti kama jina la lugha au la watu wake. Achana nalo. Watu wa nje ndo wanalitumia sana na wenyewe wengi wanaliona ni tusi. Sema Pangasinan, inatosha kwa lugha na kwa watu, au Pangasinense ambalo limetoka kwa Wahispania.

Sasa hilo jina Pangasinan ni darasa tosha la sarufi. Mzizi ni asin, chumvi. Mbele umewekwa pang-, nyuma -an, ukapata mahali pa kutengenezea chumvi, na kweli mpaka leo mkoa ule unavuna chumvi, Dasol na Bolinao kuna mashamba ya chumvi kabisa. Dagupan nayo inasemekana imetoka kwenye pandaragupan, mahali pa kukusanyikia. Si umeona mchezo? Mzizi katikati, vipande mbele na nyuma, maana inabadilika. Mtu aliyekua akisema pika, pikia, mpishi, mapishi hana haja ya kutishika na hii.

Na matamshi ya jina, sikiliza vizuri maana hapa ndo Mswahili anaweza kuwapita watu wote darasani au akaharibu mwanzoni kabisa. Ile ng sio ng ya panga la kukatia miti. Ni ng' ya ng'ombe. Pa-ng'a-si-nan. Wao wakiandika ng wanamaanisha ng' yetu, na wakitaka ng ya panga wanaongeza g nyingine, kwaiyo mangan (kula) ni mang'an, lakini mangga (embe) ni manga na g yake inasikika. Ngaran, jina, ni ng'aran. Ngarem, alasiri, ni ng'arem. Mzungu atahangaika miezi na ng' mwanzoni mwa neno, we unaitamka ukiwa unaswaki.

Kinachotushinda sisi ni mwisho wa neno. Kiswahili kinapenda neno liishie na irabu, Kipangasinan hakijali, kuna baleg (kubwa), abong (nyumba), agew (jua, au siku), apat (nne). Ulimi wako utataka kusema balegi na abongo, ukatae. Fanya mazoezi ya kufunga mdomo kwenye b na d na g bila kuachia kairabu kadogo nyuma.

Alafu kuna e. Kwenye maneno yao ya asili e sio e ya Kiswahili, ni sauti iko nyuma nyuma, kama unasema u lakini midomo umeinyoosha badala ya kuikunja. Jaribu na ed, ambalo ni neno dogo la kuonyesha mahali na utalisema mara mia kwa siku. Ukija kwenye maneno ya kukopa kutoka Kihispania e inarudi kuwa ya kawaida. Na mkazo hauna makao maalum kama kwetu ambako unajua kabisa ni silabi ya pili kutoka mwisho, unahama, wakati mwingine unabadilisha maana, na kwenye maandishi ya kawaida hauwekwi alama. Ndo maana nakwambia usijifunze hii lugha kwa kusoma peke yake, tafuta sauti.

Historia naigusa tu, ila kuna vitu utavisikia wakipiga stori kwaiyo vijue. Utasikia Urduja. Ibn Battuta, huyu huyu aliyepita Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba baadaye akiwa njiani kwenda China alifika nchi ya Tawalisi akakutana na binti mfalme shujaa anaitwa Urduja. Watu wa Pangasinan wanaamini ni wa kwao, hata nyumba ya gavana pale Lingayen inaitwa Urduja House. Wanahistoria wengi hawakubali, ushahidi hakuna, ila usiende kubishana na mama mkwe juu ya Urduja, utapoteza ubishi na mama mkwe pia.

Wahispania walifika miaka ya mwanzo ya 1570. Mwaka 1574 haramia wa Kichina, Limahong, alishindwa kuiteka Manila akakimbilia Pangasinan akajenga ngome, wakamzingira, akatoroka 1575 na inasimuliwa alichimba mfereji wa kutokea baharini. Alafu kuna mji wa Binalatongan, ambao leo ni San Carlos, na huo mji ulikuwa mkorofi kweli kweli: 1660 Andres Malong aliongoza uasi akajitangaza mfalme wa Pangasinan, na karne moja baadaye, 1762, Waingereza walipoiteka Manila, Juan de la Cruz Palaris akaongoza uasi mwingine dhidi ya kodi na unyanyasaji wa Wahispania, akanyongwa 1765. Malong na Palaris ni majina ambayo kila mtoto wa huko anayajua, na ukiyataja mtu anakuangalia kwa jicho lingine.

Kwa lugha, kitu kikubwa ni kwamba mapadre wa Kidominika waliiandika sana, kwa sababu walitaka kuhubiri. Kamusi ya Lorenzo Fernández Cosgaya ilichapwa 1865. Baadaye chini ya Wamarekani fasihi ikachangamka kidogo, 1901 Catalino Palisoc akaandika zarzuela, yaani mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, kwa Kipangasinan chenyewe, na yakaja majarida. Alafu 1937 Kitagalog kikachaguliwa kuwa msingi wa lugha ya taifa, shule zikawa Kiingereza na Kitagalog, na Kipangasinan kikabaki nyumbani na sokoni. Hii inakuhusu we mwanafunzi moja kwa moja, nitarudi hapo.

Haya, lugha yenyewe. Kwenye ukoo ni ya familia ya Kiaustronesia, ndugu zake wa karibu sio Watagalog ni watu wa milimani kama Waibaloi wa Benguet. Ndugu wa mbali ni Kimalagasi cha Madagaska, tena undugu wa kuonekana kwa macho: hesabu za Kipangasinan tatu mpaka nane ni talo, apat, lima, anem, pito, walo, na Mmalagasi anasema telo, efatra, dimy, enina, fito, valo. Ila kwenye kuhesabu vitu utasikia zaidi umbo refu, sakey, duara, talora, apatira, limara, anemira, pitora, walora, siamira, samplora. Jifunze hili refu. Bei sokoni na saa wanapenda kutaja kwa Kihispania au Kiingereza, kwaiyo usishangae umeuliza Pigara iya? (hii bei gani) kwa lafudhi safi alafu ukajibiwa beinte, peso ishirini hizo.

Salamu: Maabig ya kabuasan ni ya asubuhi, Maabig ya ngarem alasiri, Maabig ya labi usiku. Wengine wanasema Masantos badala ya Maabig, zote sawa. Asante ni Salamat. Ndiyo ni On, hapana ni Andi, na hakuna ni Anggapo, hizi mbili usizichanganye, Andi unakataa, Anggapo unasema kitu hakipo. Jina lako nani, Anto so ngaran mo? Unatoka wapi, Taga iner ka?

Viwakilishi ndo sehemu ninayoipenda. Kwanza sikato ni yeye, mwanaume mwanamke sawa, kama kwetu, kwaiyo hamna kuhangaika. Siak mimi, sika wewe, sikayo ninyi, sikara wao. Ila kwenye "sisi" wanakubana: sikami ni sisi bila wewe unayeambiwa, sikatayo ni sisi pamoja na wewe, na sikata ni mimi na wewe wawili tu. Inachukua muda kuzoea, na ukikosea unaweza kumualika mtu chakula au kumfukuza bila kujua, maana ukisema sisi tunaenda kula kwa kami umemwambia abaki.

Umiliki sasa, hapa Mswahili anacheka tu. Yangu ni ko, yako mo, yake to. Abong ko, nyumba yangu. Ila neno likiishia na irabu ko inakatwa inabaki k, mo inabaki m, inagandana na neno. Ama ni baba, ina ni mama, kwaiyo amak babangu, amam babako, inak mamangu. Ni kile kile tunachofanya sisi kwenye mamangu na mamako, sauti zimebanwa mpaka zikawa neno moja. Mwanafunzi wa Kiingereza akiona amam anafungua kamusi na halioni, we utajua lazima kuna ama humo ndani.

Kuna taka pia. Usicheke. Taka ni "mimi kwako" iliyobanwa, kama -ni- na -ku- vinavyobebana kwenye kitenzi chetu, na ndo ile ya Inaro taka, nakupenda. Nimeona watu wa kwetu wakiandikiwa hivyo na wachumba wao wakadhani wametukanwa.

Kukanusha weka ag mbele, na kiwakilishi kinahama kinafuata ag: amtak, najua, ila ag ko amta, sijui. Angalia k ya mwisho imeondoka kwenye kitenzi ikarudi kuwa ko kamili nyuma ya ag. Ukilielewa hili moja, nusu ya sentensi zinazokuchanganya zitafunguka, kwa sababu vile viwakilishi vidogo ko, mo, ka (wewe), ak (mimi) havikai sehemu moja, vinakimbilia nyuma ya neno la kwanza la sentensi.

Vitenzi havifuati wakati kama ulivyozoea, vinajali kitu kimeshafanyika au bado. Na mabadiliko yako mwanzoni mwa neno, sehemu ile ile ambayo sisi tunaweka na- na li- na ta-. Mansalita anaongea au ataongea, nansalita ameongea. Manluto kupika, nanluto amepika. Manaliw kununua, analiw amenunua. Kuna kundi lingine linaingiza kitu katikati ya neno, mfano onsabi atafika, sinmabi amefika, mzizi ni sabi na -inm- imeingia kati. Usijaribu kukariri makundi yote kwa mpigo. Chukua vitenzi vichache unavyovitumia kila siku, kila kimoja kikariri na pea yake, makundi utayaona yenyewe baadae.

Kitu kigumu kweli, nisikudanganye, ni kwamba kitenzi kinabadilika kulingana na nani au nini unataka kiwe mbele kwenye maongezi. Analiw si Juan na mangga, Juan kanunua embe, hapo stori ni ya Juan. Sinaliw nen Juan so mangga, lile embe kalinunua Juan, hapo stori ni ya embe. Kitenzi kimegeuka analiw/sinaliw, na vijineno vimegeuka: si ni ya mtu anayezungumziwa, so ni ya kitu kinachozungumziwa, nen pamoja na "na" yao ni za wale wa pembeni. Sisi tunafanya kidogo kitu cha aina hii na -li- ya embe kwenye "kalinunua", lakini wao ndo mfumo mzima. Njia pekee niliyoona inafanya kazi ni kuchukua sentensi moja na kuigeuza geuza mwenyewe, kila siku sentensi nyingine, kwa mdomo sio kwa kalamu.

Kuna kipande la, kinafanya kazi ya -sha- yetu. Angan ka la? Ushakula? Hii ni salamu pia, ukipita mlangoni kwa mtu wakati wa chakula utaulizwa, au wataita tu Mangan tila, njoo tule. Na kuna kipande kingine, "ni", chenye maana ya bado.

Heshima. Kwa mtu mzima unatumia wingi, kayo na yo badala ya ka na mo, yaani unamwambia mzee "mnaenda wapi" hata kama yuko peke yake: Iner so laen yo? Kitagalog kina kijineno cha heshima, po, wanaojifunza Kitagalog kwanza wanaibeba po wanaimwaga kila mahali, watu watakuelewa ila ile yo ndo inakuonyesha umefundishwa vizuri. Babu ni laki, bibi ni bai. Kaka mkubwa wengi wanasema kuya, dada mkubwa atsi, na hivi tumia hata kwa muuza samaki usiyemjua, usimwite mtu aliyekuzidi umri jina tupu.

Vifaa. Cha maana kuliko vyote ni vitabu vya Richard Benton vilivyotolewa na chuo kikuu cha Hawaii 1971, kuna kamusi, kuna sarufi, kuna kozi ya kuongea, na vinapatikana mtandaoni bure. Ni vya zamani, maneno mengine vijana hawayatumii tena, lakini sarufi yake bado hajatokea mtu akaipita kwa uwazi. Wikipedia ya Kipangasinan ipo, ni ndogo. Alafu tafuta vitabu vya watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu: kuanzia 2012 serikali iliweka mfumo wa kufundisha kwa lugha ya mama na Kipangasinan kilikuwemo kwenye lugha za mwanzo, vikaandikwa vitabu vya hadithi na hesabu kwa lugha hiyo, lugha nyepesi, picha nyingi, saizi yako. Oktoba 2024 ikapita sheria, Republic Act 12027, iliyoondoa ulazima wa mfumo huo. Kwaiyo ukiona vile vitabu mahali vipakue mapema. Sauti utazipata kwenye machapisho ya dini, biblia za kusikiliza hasa, zinasomwa polepole na maneno yake yako wazi, na YouTube kuna nyimbo, uanze na Malinac Lay Labi, wimbo wa kienyeji wa mapenzi ambao kila Mpangasinan anaujua. Uimbe mbele yao uone.

Sasa ile ishu niliyosema nitarudi. Ukianza kuongea Kipangasinan watakujibu kwa Kitagalog au Kiingereza. Sio dharau. Watu wamezoea kwamba mgeni haongei lugha yao, hata vijana wa Dagupan mjini siku hizi wazazi wanawalea kwa Kitagalog ili wafanye vizuri shuleni, na wengine wanaona lugha ya nyumbani ni ya kishamba. Wewe endelea kujibu kwa Kipangasinan hata kama ni neno moja moja. Ongea na wazee zaidi ya vijana, ongea na wauza samaki, omba upelekwe vijiji vya San Carlos au Malasiqui ambako lugha bado iko barabarani, kuliko kukaa kwenye duka kubwa la Dagupan.

Mwisho ni tahajia, maana itakusumbua kila unapotafuta kitu. Hamna uandishi mmoja uliokubalika na wote. Wazee na vitabu vya zamani wanaandika kwa tahajia ya Kihispania, c na qu pale ambapo wapya wanaandika k, na o na u zinabadilishana bila mpango, kwaiyo unatafuta usiku kucha neno moja hulipati kumbe limeandikwa kivingine. Ukitafuta malinak hukuti, andika malinac. Ukikosa maong, jaribu maung. Na so inaweza kuwa imebanwa ikawa 'y imegandishwa nyuma ya neno la mbele yake, hiyo hakuna kamusi itakayokuonyesha, soma kwa sauti utaisikia.